Sura ya Tatu: Nyumba Haikosi Kitu

Katika maswali yanayoulizwa na wenye kuendesha nyumba, wake kwa waume, hakuna lililo la kila siku kama hili: nifanyeje, maadamu kinachotakiwa sinacho, na fedha ya kukinunua haipo, au ipo lakini imekwisha kupangiwa ada ya skuli, kodi ya pango na mengineyo yasiyokubali kuahirishwa? Huuliza hivyo mama wa watoto watano ifikapo tarehe ishirini na kitu. Huuliza kijana aliyepanga chumba kimoja Temeke au Kisauni akiwa na godoro, sufuria mbili na ndoo. Na huuliza pia mwenye jumba lililosheheni samani, kwani wingi wa vitu haujapata kumwondolea mtu taabu ya kukosa kimoja anachokihitaji saa hiyo hiyo.

Majawabu anayopewa aghalabu ni mawili, nayo ni kusubiri au kukopa. Kusubiri kuna faida yake, na kukopa kuna aibu yake, lakini yote mawili yamejengwa juu ya dhana moja, kwamba kitu kikikosekana kwa jina lake basi kimekosekana kabisa. Sura hii imeandikwa ili kuipinga dhana hiyo. Nitajaribu kuonyesha kwamba kutumia kilichopo ni maarifa yenye kanuni zake na mipaka yake, na kwamba walioyamiliki hawakuwa wote mafukara, wala mafukara wote hawakuyamiliki.

Jina la kitu na sifa zake

Kila kitu kilichomo nyumbani kina jina, ambalo ni lile tulilolikuta dukani au tulilorithi kwa wazee, na tena kina sifa, yaani yale mambo ambayo kwa maumbile yake kinaweza kuyatenda: kupitisha maji au kuyazuia, kushika joto au kulipoteza, kunyonya mafuta, kukwaruza, kunyumbuka, kubeba uzito. Jina ni moja, sifa ni nyingi. Mtu aliyezoea kutafuta vitu kwa majina yao, akikosa chujio, huona kazi imekwama. Ilhali aliyezoea kutafuta kwa sifa hujiuliza ni kipi humu ndani kinachopitisha tui na kuzuia machicha, na mara humjia akilini kitambaa safi cha pamba, au kile kifumbu cha ukili kilichoning'inia nyuma ya mlango wa jiko tangu bibi yu hai.

Watu wa pwani walifundishwa somo hili na mnazi. Kifuu kimekuwa upawa kwa kuwa hakipitishi joto upesi kama bati, na mpini wa mti ukitiwa hapo mkono haupati dhara. Makumbi hufukiwa katika mchanga wa ufuoni, mahali maji yanapopwa na kujaa, yakakaa miezi hata nyama yake ikaoza zikabaki nyuzi tupu, kisha yakapondwa na kusokotwa kamba. Njiti za makuti hufungwa zikawa ufagio, na machicha hupewa kuku. Lakini mnazi umekwisha kusifiwa na kila mtu, wakati mwingine kupita kiasi, basi tusikawie chini yake.

Mfano ulio bora zaidi, kwa rai yangu, ni wa kitu kilichotoka kiwandani, nacho ni debe. Mafuta ya taa yalikuwa yakija katika makopo ya bati ya pembe nne, kila moja likiingia galoni nne, ambazo ni takriban lita 18. Na kopo hilo lilipokwisha mafuta, hapo ndipo maisha yake yalipoanza. Lilitiwa kijiti cha kushikia likawa la kuchotea maji, na wachukuzi wakayaning'iniza mawili mawili katika ncha za mzega, ule mti unaobebwa begani. Lilipasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo likaezekea banda, likaziba ukuta, likawa mlango. Vipande vyake vidogo vilikatwa na kuchomelewa vikawa koroboi, taa ndogo ya utambi isiyo na chemni. Na juu ya yote hayo likawa kipimo, hata leo sokoni mahindi na mchele huuzwa kwa debe na watu ambao hawajapata kuona mafuta ya taa ndani ya kopo kama lile.

Kwa nini debe lilifaulu kuwa kipimo, na kapu au mtungi, vilivyokuwapo zamani zaidi, havikufaulu namna ile? Kwa sababu kapu la msusi mmoja si sawa na la mwenziwe, lakini madebe yote, kwa kuwa yalikatwa na mashine moja, yalilingana. Kulingana kule ni sifa ambayo mwenye kiwanda hakuiuza wala mnunuzi hakuilipia. Ilikuwa imelala ndani ya kitu, ikingoja mwenye macho.

Kanga inavyoshuka daraja

Tumwendee sasa mwalimu aliye karibu zaidi, ambaye yumo katika kila sanduku la mwanamke wa pwani, na wa bara pia. Kanga hununuliwa doti, yaani vipande viwili vilivyoungana, navyo hukatwa vikapindwa. Na ikiwa mpya huwa ngumu kwa kanji ya kiwandani, rangi yake bado inachuja, na maji hayaingii upesi katika nyuzi zake. Hiyo ni kanga ya kutokea, ya harusini na ya kwenda kuhani. Baada ya mwaka mmoja au miwili hurejea ndani ikawa ya kushindia. Na hapo, msomaji, tusidhani kwamba imepoteza heshima kwa kuwa imepauka. Kwani kila ilipofuliwa kanji ilitoka, nyuzi zikalegea na kuwa laini, na uwezo wake wa kunyonya maji ukazidi. Ndiyo maana mtoto anapozaliwa wakunga na mabibi huulizia kanga kuukuu, na aliyeleta mpya huambiwa aiweke kwanza. Kanga imekuwa bora kwa kazi hiyo kwa sababu imezeeka.

Kisha huanza kutoboka. Mwenye haraka huichukua nzima nzima akaipigia deki, na hapo ndipo anapokosea, maana pande zilizo chini ya pindo aghalabu zingali imara na zingefaa kwa kazi ya juu zaidi. Kanuni wanayoifuata wenye ustadi, ijapokuwa hawajapata kuiandika, ni kwamba nguo hushuka ngazi moja moja, kuanzia kazi zilizo karibu na mwili na kinywa na kuishia zilizo karibu na sakafu: kwanza kumfutia mtoto na kuchujia, kisha kukaushia vyombo, kisha kushikia sufuria ya moto, kisha kufutia meza, kisha deki, na mwisho, ikiwa kibamba tu, utambi wa koroboi, kwa kuwa uzi wa pamba huvuta mafuta juu wenyewe. Njia hii ni ya kushuka tu. Kitambaa kilichokwisha kupiga deki hakirudi kuchuja tui hata kikichemshwa mara ngapi, walau katika nyumba ninayokubali kula.

Shuka nalo lina hila yake. Huchakaa katikati, pale mwili unapolala, na pembeni likabaki kama lilivyonunuliwa; basi hukatwa katikati kwa urefu, zile pande mbili za nje zilizo nzima zikageuzwa na kuunganishwa kati, na zile zilizochakaa zikawa ndizo kingo, zikapindwa. Waingereza walilifanya hili kwa wingi wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambapo tangu tarehe 1 Juni 1941 nguo ziliuzwa kwa vibali maalumu, kila mtu akigawiwa 66 tu kwa mwaka wa kwanza, na mwaka 1943 serikali yao ikatoa kijitabu cha kuwafunza raia kushona viraka na kugeuza nguo. Mshono wa kati utakukera mgongo usiku wa kwanza, na wa pili, kisha utauzoea.

Lakini ushahidi mzito kuliko wote juu ya fadhila za nguo kuukuu umetoka Bangladesh. Huko, katika wilaya ya Matlab, watu wengi wakinywa maji ya madimbwi na mito, na kipindupindu kilikuwa hakiwaishi. Bibi Rita Colwell, mtaalamu wa Kimarekani wa vijidudu vya majini, alikuwa amekwisha kubaini pamoja na wenzake kwamba vijidudu vya maradhi hayo, ambavyo ni vidogo mno hata kitambaa hakiwezi kuvizuia, hujishikiza kwa wingi katika miili ya wanyama wadogo wanaoelea majini, ambao ni wakubwa zaidi kuliko vyenyewe. Basi wakasema: ikiwa mpanda hatuwezi kumkamata kwa kitambaa, mpandwa je? Wanawake wa vijiji wakafundishwa kuikunja sari ya pamba mara nne au zaidi, kuifunika mdomoni mwa chungu na kuchotea maji juu yake. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2003, baada ya kazi ya miaka mitatu katika vijiji 65, yalionyesha kipindupindu kimepungua kwa takriban nusu. Na katika kuchagua sari walikuta kwamba iliyofuliwa mara nyingi huchuja vizuri kuliko mpya, kwa sababu nyuzi zake zimetoa manyoya na kuyabana matundu.

Nisieleweke vibaya. Nusu si yote, na mwenye kuni au mkaa achemshe maji yake. Asiyekuwa nazo lakini ana jua na chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, anaweza kuchuja kwanza ili maji yawe maangavu, akayajaza chupani na kuilaza juani kwa saa sita, au kwa siku mbili mfululizo ikiwa kuna mawingu. Kwani miale ya jua yenyewe huviua vijidudu, ila haipenyi maji yenye tope.

*Kwa ufupi mpaka hapa:* tafuta sifa, usitafute jina. Ushushe kitu ngazi moja moja. Na usichukulie kwamba uzee wa kitu ni upungufu wake.

Moto uliozimwa nao hupika

Mkaa umekuwa ghali, na hapana senti inayotoka mkononi mwa mpishi bure kama ile anayoichoma chini ya maharage yaliyokwisha kuchemka. Ili kulifahamu hili hatuna budi kukumbuka jambo moja: maji katika sufuria ya kawaida, yakishafika kiwango cha kuchemka, hayawi moto zaidi hata ukiyapulizia jehanamu. Kwa sisi tulio usawa wa bahari kiwango hicho ni digrii 100. Nairobi, kwa kuwa iko juu, ni kama 94 au 95, ndiyo sababu maharage ya huko hukawia. Moto wote unaozidi hapo hugeuza maji kuwa mvuke na kufidia joto linalopotea ubavuni mwa sufuria. Basi kama joto lile lingezuiwa lisipotee, moto ungehitajika wa nini?

Hiyo ndiyo siri ya kapu la kupikia. Chukua kapu pana au boksi la karatasi ngumu, tandika ndani blanketi kuukuu, masweta, sufi, au hata magazeti yaliyofinyangwa, kwa unene wa kiganja cha mkono, uache shimo la kuingia sufuria barabara. Maharage yaliyolala majini usiku kucha, na maji yale yakamwagwa, yachemshe kwa moto mkali kwa dakika zisizopungua kumi. Muda huo usiupunguze, kwa kuwa maharage, hasa mekundu, yana sumu ambayo haiishi ila kwa kuchemka hasa, na uvuguvugu hauiondoi. Endelea kidogo, kisha funika, tia ndani ya kapu, funika tena juu kwa mto mzito, na uende zako shamba au sokoni. Ukirudi baada ya saa nne au tano, utayakuta yameiva au yamebakia kidogo tu, na kabla ya kula uyachemshe tena. Kwa wali kazi ni nyepesi zaidi: ukishachemka dakika chache, kapu humaliza.

Sufi ya mto, sweta na magazeti vina majina yasiyohusiana hata kidogo, lakini sifa yao ni moja: vyote vimefungia hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi.

Upande wa kuoka, mabibi zetu hawakungoja joko la umeme. Mkate wa kumimina huokwa kwa moto wa chini na wa juu, makaa machache yakiwa jikoni na mengi yakiwa juu ya kifuniko, na ukiwa na jirani asiye na mazungumzo mengi hautaungua. Wengine hutia mchanga mkavu uliochekechwa ndani ya sufuria kubwa, wakaupasha moto, wakaweka juu yake sufuria ndogo yenye keki na kufunika. Mchanga huupokea moto wa mkaa, ambao siku zote hupiga mahali pamoja, ukausambaza sawasawa. Sufuria utakayoitumia hivyo iwe ile uliyokwisha kuitoa sadaka, kwani haitarudi kung'ara.

Mtungi wa Jigawa na mtungi wa Unguja

Hapa inafaa kutia tahadhari kwa wale wanaopenda kuiga kila wanachokisikia. Kaskazini mwa Nigeria, katika jimbo la Jigawa, mwalimu aitwaye Mohammed Bah Abba, aliyetoka katika ukoo wa wafinyanzi, alianza katika miaka ya 1990 kuwagawia wanavijiji vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, katikati yake mchanga uliorowanishwa, na juu kitambaa chenye maji. Maji yanayotoka katika vinyweleo vya chungu cha nje hugeuka mvuke, na kila yanapogeuka huchukua joto, hata chungu cha ndani kikapoa. Biringani zilizokuwa zikioza kwa siku tatu zilidumu siku 27, na nyanya zikakaa wiki tatu. Bila umeme, bila barafu. Na alistahiki tuzo ya kimataifa aliyopewa.

Msomaji wa Dodoma, ambako hewa ni kavu sehemu kubwa ya mwaka, anaweza kufinyangiwa vyungu hivyo kesho na akafurahi. Msomaji wa Unguja au Lamu asitazamie makubwa, kwa sababu hewa yetu imejaa unyevu na maji hayapati njia ya kukauka upesi. Mtungi wetu hupoza maji ya kunywa kiasi cha kuburudisha koo, ukiwekwa penye upepo, lakini mchicha utanyauka pale pale. Sifa ya kitu haitoshi peke yake mpaka ikutane na sifa ya mahali.

Miaka ya majani ya mpapai

Wako wanaoisimulia dhiki kana kwamba ilikuwa neema, nami siko pamoja nao. Tanzania, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bidhaa ziliadimika hata sabuni, sukari na mafuta ya kupikia vikawa habari ya kuulizana njiani. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, wengine wakiacha jiwe liwawekee nafasi, na mwaka 1983 serikali ikatangaza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Katika miaka hiyo akina mama walifulia majani ya mpapai, ambayo yakisuguliwa majini hutoa povu jepesi, na vyombo vikasuguliwa kwa jivu.

Jivu lina hoja yake. Ndani yake mna chumvichumvi ya asili inayoyeyuka katika maji, ambayo ikikutana na mafuta ya sufuria huyageuza kwa kiasi kidogo kuwa sabuni, na chenga zake husaidia kukwaruza. Kwa masizi na mafuta mazito hufanya kazi nzuri hadi leo, mradi mikono isilowekwe humo muda mrefu, maana huichubua ngozi. Majani ya mpapai, kinyume chake, yalikuwa udhuru tu. Nguo zilitoka zikiwa na dalili ya kijani, na siku sabuni iliporejea madukani hakuna aliyelia kwa kuagana na mpapai. Nalisema hili kusudi, kwa sababu si kila badala ni badala njema, na mwenye kutumia kilichopo ana haki ya kusema kwamba hiki hakifai, hata kama walitangulia waliokitumia.

Yasiyofaa kubadilishiwa kazi

Kwa vile tumesema sana juu ya kuruhusu, lazima tuseme juu ya kukataza. Vimo vitu ambavyo ubunifu wa nyumbani ukivigusa huleta msiba:

- Galoni au kopo lililokuwa na dawa ya kuulia wadudu wa shambani lisitiwe maji wala chakula, hata likioshwa mara saba, kwani plastiki huinyonya sumu ikaitoa baadaye kidogo kidogo. Litobolewe ili asije akaliokota mwingine.
- Chupa ya soda au ya maji isitiwe mafuta ya taa. Mtoto hasomi, yeye huijua chupa kwa umbo lake.
- Wali uliolala nje ya jokofu usiku kucha katika joto la pwani usikaangwe upya asubuhi kwa kutumaini kwamba moto utausafisha. Baadhi ya vijidudu vyake hustahimili kupikwa, hukua wali unapopoa polepole, na sumu vinayoiacha haiondoki kwa kupashwa moto. Kiporo kizuri ni kile kilichopozwa upesi na kuwekwa mahali pa baridi.
- Mifuko ya plastiki isiwashiwe jiko. Moshi wake una sumu, na mpishi ndiye wa kwanza kuuvuta.
- Fyuzi iliyoungua isibadilishwe kwa kipande cha waya.

Hilo la mwisho linahitaji neno zaidi, maana hufanywa na mafundi wenye akili zao. Fyuzi ni uzi mwembamba uliowekwa katika njia ya umeme ili ukate pindi umeme unapozidi kiasi, kabla waya za ukutani hazijashika moto. Aliyetia waya mnene amepata kitu kinachopitisha umeme, na akadhani amepata badala; kumbe sifa iliyokuwa ikitafutwa ilikuwa ni kukatika. Viko vitu vilivyoumbwa vishindwe ili vingine visalimike, nyumba ikiwa moja ya hivyo vingine, na mtu asivibadilishe kabla ya kujua kazi yao.

Liko pia kosa la upande wa pili, lisilo na hatari ya kifo lakini lenye kuhamisha watu chumbani, nalo ni kurundika. Mtu hukusanya makopo, chupa, maboksi na vitambaa kwa nia kwamba vitafaa siku moja, hata uvunguni hapapiti paka. Kitu ambacho hujakijulia sifa unayoihitaji si akiba. Makopo mawili yenye vifuniko yanatosha kwa vifungo, misumari na mipira ya kufungia. La tatu mpe anayelitaka.

Gharama isiyoandikwa, na vifaa vya kununua

Wanaosifu nyumba zinazotumia kilichopo husahau kuuliza ni nani aliyekaa akashona. Kugeuza shuka huchukua mchana mzima kwa mkono. Kufinyanga magazeti, kuchekecha mchanga, kuchuja maji, vyote vina saa zake, na saa hizo kwa kawaida hutolewa na mwanamke mmoja, ambaye hakuna anayemwandikia posho. Kwa hiyo kabla ya kuitangaza nyumba kwamba imefanya iktisadi, yaani matumizi ya kadiri yasiyo na israfu, itazamwe kama haikuokoa shilingi elfu mbili za baba kwa kutumia siku nzima ya mama. Ikiwa ndivyo, ama kazi igawanywe, na mvulana wa miaka kumi anaweza kabisa kushona kifungo, ama kitu kinunuliwe.

Na viko vitu ambavyo sina shaka kwamba vinunuliwe, tena vilivyo bora kadiri mfuko unavyoruhusu, kwa kuwa bila hivyo vingine vyote hubaki kama vilivyo: sindano za ukubwa tofauti na uzi wenye nguvu, mkasi wa nguo ambao watoto wamekatazwa kukatia karatasi, nyundo, koleo, bisibisi, na kisu kizuri kimoja. Kisu hicho hakihitaji kununuliwa tupa. Pindua kikombe cha kauri, ukitazame kitako chake. Utaona ukingo wa duara usiopakwa rangi ya kung'aa, mkwaruzo wake ukiusikia kwa kidole. Kilaze kisu juu yake kwa mteremko mdogo, ukipitishe kuanzia kwenye mpini hadi nchani, makali yakitangulia, mara kadhaa upande huu na mara kadhaa upande ule, kwa mkono mwepesi. Ukingo ukianza kupakwa weusi wa chuma, ujue kisu kinanolewa. Osha kikombe, ujaze chai.